Dirisha Niliyoambiwa ni Yangu

Mum alinipa ufunguo ya SQ mwezi wa nne, mwaka nilikuwa nimemaliza Form Four na nimekaa tu nyumbani nikingoja college. Alikuwa anaosha vyombo. Hakunigeukia hata. Alisema, "Hiyo room ya nyuma, ukiitengeneza vizuri, ni yako." Nilitoka mbio kabla abadilishe mawazo.

Nyumba zetu za Woodley ni za kaunsil, za kitambo, na nyuma ya nyumba kuna chumba moja ilijengewa mfanyakazi, ndio hiyo SQ. Majirani wengi wameweka wapangaji. Yetu ilikuwa stoo. Kulikuwa na magunia ya makaa, jiko mbili zimekufa na baiskeli ya marehemu baba haina magurudumu. Mtu mwingine angeona kazi. Mimi niliona kitanda.

Lazima nieleze kwa nini. Nyumba ina bedroom mbili. Moja ya mum, moja ya shosho na mimi, kitanda moja. Ndugu yangu mdogo, wa darasa la nane, alikuwa analala kwa sofa. Shosho ni mama ya mum, na ninampenda, lakini huyo mama huamka kabla ya jogoo, anaomba kwa sauti, anataja watu mmoja mmoja na magonjwa zao, halafu anawasha redio asikilize matangazo ya vifo. Akimaliza ananipiga teke kidogo aone kama niko macho. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijawahi kulala peke yangu hata siku moja. Hiyo tu ndio nilikuwa nataka. Sikuwa nataka bwana, sikuwa nataka simu. Nilitaka mlango yangu.

Nilitoa takataka, nikasugua sakafu, nikapaka rangi. Shida ikabaki dirisha. Ilikuwa moja, pana, na inaangalia kile kinjia watu hupitia wakienda kuanika nguo. Kila mama mwenye beseni alikuwa anapunguza mwendo hapo na kuangalia ndani. Nilibandika gazeti kwa vioo, room ikawa giza kama kaburi na mama wakaanza kusimama kusoma gazeti.

Mum alisema nitundike pazia. Nilikataa. Nilikuwa nimeona blinds, zile za vipande vyembamba vya bati, huko Lavington, kwa nyumba yenye auntie yangu, dada ya mum, alikuwa anafanya kazi. Nilikuwa naenda kumsaidia kupiga pasi likizo, na kila mara nilikuwa nazungusha kale kajiti kembamba ka kando. Ukizungusha huku, vile vipande vinalala, mwanga inaingia. Ukizungusha huku vinasimama, vinafungana. Unaangalia nje na mtu wa nje hajui uko. Nilisema siku nikiwa na dirisha yangu, nitakuwa na hizo.

Basi huyo mwenye nyumba ya Lavington akachoka na zake, akataka vitambaa vizito vya kisasa, na auntie akaomba seti moja. Za aluminiamu, rangi ya maziwa. Nilipoenda kuchukua aliniambia, "Beba. Mamako ameshaniambia ni za hiyo room." Sikusikia kitu hapo. Ningesikia nini? Niliona tu hakuniangalia vizuri, nikafikiria amechoka. Tulifunga hiyo kitu ndefu na kamba, nikaiweka begani, nikatembea nayo kutoka Lavington mpaka kwetu kama mtu amebeba ngazi, watoto wakinifuata wakiuliza naenda kupanda wapi.

Shosho alipoziona alizizunguka. "Sasa hii ni nini? Dirisha imetoka mbavu kama ng'ombe ya kiangazi?"

"Ni blinds, shosho."

"Na pazia iko wapi?"

"Hii ndio pazia."

"Maskini dirisha," akasema, akaenda zake.

Nilishuka tao kununua skrubu na zile plagi za plastiki za kuingiza kwa ukuta. Mhindi wa hardware, mzee mmoja mcheshi, aliniuliza fundi wangu amesemaje, size gani. Nikamwambia fundi ni mimi. Akaniangalia, akaangalia vidole vyangu, akasema, "Basi mama, nunua na plasta ya vidole kabisa." Watu wote kwa foleni wakacheka. Nilinunua skrubu. Plasta nilikataa, na nilijuta.

Mimi sina subira, na blinds hazitaki mtu kama mimi. Nilipima dirisha mara moja, hapo juu, nikaandika kwa kiganja, nikaanza kukata. Huwezi kukata upande mmoja, kwa sababu kamba zimepitia kwa vitundu katikati, kwa hivyo unatoa kidogo huku na kidogo huku. Chuma ya juu nilikata na msumeno. Vile vipande nilikata na makasi ya mum ya kushonea, kimoja kimoja, nikisugua kila ncha na tupa ya kucha ndio isikwaruze. Makasi ikafa makali. Kujaribu, juu zinaingia sawa, chini zinakwama. Nyumba za kitambo hakuna mahali ni mraba. Unafaa kupima juu, katikati na chini, halafu uchukue ile ndogo. Nikakata zote tena.

Halafu zikagonga kishikio. Dirisha zetu ni za chuma, zinafunguka nje, na kile kishikio kinatokea ndani. Blinds ikishuka inakalia hapo, inapinda. Nilikaa chini nikalia kidogo. Kisha nikachukua mbao ya kitanda kuukuu, nikakata vibao viwili, nikavipigilia kwa ukuta kwanza, ndio zile vyuma za kushikilia zikae mbele kidogo, mbali na kishikio. Drili niliomba kwa jirani. Ukuta ni ya mawe, inapiga kelele mpaka meno. Nilitoboa pabaya mara mbili, nikajikata gumba, nikakumbuka Mhindi na plasta yake.

Lakini zilishika. Nilivuta kamba, zikapanda. Niliachilia, zikashuka zikilia kama mvua kidogo kwa mabati. Nilizungusha kajiti, na sakafu yangu yote ikawa mistari mistari ya jua. Nakumbuka nilisimama juu ya hiyo mistari bila viatu.

Mum alikuja kuangalia. Alizungusha kajiti huku, akazungusha huku. Akaniuliza, "Mtu akiwa ndani na taa imewaka, anaonekana?" Nikamwambia ukigeuza ncha za nje ziangalie chini, mtu wa njia haoni kitu. Hakuamini. Alinisimamisha ndani na taa, yeye akaenda nje. Nilimsikia akienda kinjia chote, akisimama, akiinama, akirudi. "Songa kwa kitanda," akaniita. "Sasa lala." Nikalala. Aliporudi alikuwa amefurahi. "Haionekani kabisa," akasema.

Nilidhani anajali msichana wake. Hiyo ndio inaniuma mpaka leo, kuliko yote. Nilienda kulala nikimshukuru Mungu kwa mama kama huyo.

Nilikaa SQ tangu hiyo baridi ya mwezi wa saba mpaka mwezi wa kumi na moja. Nilijifunza kuzitunza. Vumbi ya kwetu ni nyekundu, na ukiipangusa na kitambaa kimelowa sana inakuwa matope. Kwanza unafunga zote, unapangusa na soksi kuukuu kavu umeivaa mkononi, unazigeuza, unapangusa upande ule mwingine. Halafu soksi nyingine, maji moto, sabuni kidogo ya vyombo. Huvuti kamba kwa kando. Hufungui dirisha kwa nguvu zikiwa chini, upepo utazipiga. Kila Jumamosi nilikuwa nafanya hiyo, na mlango imefungwa, na hakuna mtu ananiombea kwa sikio.

Siku mum alikuja na mjomba, kaka yake, nilikuwa nimelala kwa kitanda nikisoma. Mjomba alikuwa amebeba godoro mpya. Alisimama katikati ya room, akaangalia dari, akaangalia mlango, akaenda kwa blinds akazifunga vizuri, akasema, "Hii sasa ni cube. Hapa kijana atapona bila mtu kuchungulia." Akaniangalia, akaongeza kwa roho safi kabisa, "Na wewe ndio umemtengenezea? Mama yako aliniambia tangu April ati utaifanya. Sikuamini."

Kwetu kijana akimaliza darasa la nane, Disemba anatahiriwa, na akishatahiriwa halali tena kwa nyumba ya mama yake. Anapewa room yake ya nje, inaitwa cube. Kila mtu anajua. Mimi pia nilijua. Nilijua ndugu yangu yuko la nane, nilijua Disemba inakuja, nilijua kwetu kuna room moja tu ya nje. Nilikuwa tu na maneno ya mum kwa kichwa, na maneno ya mama yako hauyapimi juu, katikati na chini.

Niliuliza mum mbele ya mjomba. Sikungoja. Nikamwambia, "Ulisema ni yangu."

"Imekuwa yako. Si umelala hapa?"

"Ulijua tangu April."

Mjomba aliacha godoro hapo, akatoka nje kuangalia angani.

Mum alikaa kwa kitanda yangu. Alisema kijana hana baba, ni yeye pekee wa kumtafutia mahali, na mimi siku moja nitaolewa niende kwa nyumba yangu, lakini huyu atabaki. Alisema mambo mengi. Nilikuwa najibu kila moja. Mwishowe akachoka, akaniambia ukweli, bila hasira hata, kama mtu anauliza bei.

"Ningekuambia ni ya ndugu yako, ungeifanya hivi?"

Nilisema ndio. Alitingisha kichwa, akasimama, akaanza kukunja blanketi yangu.

Nilirudi kwa shosho. Auntie alikuja wiki hiyo na ndizi, nikamuuliza kama alijua. Alisema, "Mimi nilikuwa nani niseme?" Ndizi sikukula. Shosho pia alijua, lakini yeye hakuficha. Alisema alidhani najua, kwa sababu kuna mtu asiyejua?

Disemba yote sikuruhusiwa kuingia huko. Kijana akiwa anapona ni wanaume tu. Nilikuwa napika, napeleka sahani mpaka mlango, naweka chini, nabisha, naondoka. Mabinamu walikuwa wamejaa ndani wakicheka. Siku moja niliweka sahani, nikaangalia dirisha. Mtu ndani alikuwa amekunja kipande kimoja katikati na vidole ili achungulie, na niliona jicho. Hiyo aluminiamu ikipinda hainyooki tena. Nilitaka kumwambia kuna kajiti, zungusha tu kajiti. Lakini mwanamke hasemi kitu hapo, kwa hivyo nikaenda kuosha sufuria.

Mwezi wa pili ndugu yangu alienda Form One, bording. Siku ya kuondoka alikuwa na sanduku na suruali mpya inambana, na alinisalimia kwa mkono kama mzee wa kanisa. Sina vita na yeye. Nilidhani kila mtu ataona kitu rahisi sana: room iko tupu, mimi niko hapa. Mum akaweka kufuli. Cube ni ya kijana hata kijana akiwa bording, msichana halali hapo. Karibu miezi tatu yote room italala peke yake, na mimi niko na shosho na matangazo ya vifo.

Jumamosi moja mum alinipa ile ufunguo, ile ile, pia alikuwa anaosha vyombo. "Enda upanguse zile blinds," akasema. "Zimejaa vumbi, na wewe ndio unazijua."

Nilienda. Nilibeba soksi, nikabeba maji, na sijui ni saa ngapi niliamua, lakini nilibeba pia bisibisi. Vipande vinne vilikuwa vimepinda, na kulikuwa na mafuta ya nyama kwa kamba. Nilipangusa zote, pande zote mbili, vizuri. Kisha nikazishusha na chuma zake na vile vibao, nikafunga mlango na kufuli, nikachukua tena drili ya jirani, nikazitundika kwa dirisha ya shosho. Sikuomba mtu ruhusa. Shosho alikuwa kwa kitanda, akasema mbavu zimehamia kwake, akaendelea na redio.

Dirisha ya bedroom ni pana kuliko ya SQ. Zilikaa katikati, na kila upande kulibaki nafasi wazi, ya upana wa mkono. Ya upande wangu jua ilikuwa inapitia moja kwa moja mpaka kwa mto.

Mum alisimama mlangoni akipangusa mikono na aproni. Nilingoja anigombeze. Aliangalia zile nafasi za kando.

"Zimekuwa ndogo," akasema.

"Nilizikata za dirisha uliniambia ni yangu."

Aliondoka. Nikasikia kabati ikifunguka. Alirudi na leso yake moja ya zamani ya kujifunga na pini kwa midomo, akapanda kwa kitanda, akaanza kuziba ile nafasi ya upande wangu. Leso ilikuwa inamteleza. Alininyoshea ncha moja bila kuniangalia.

Niliishika, kwa sababu jua ilikuwa inanipiga macho. Nilishika mpaka akamaliza pini zote. Asante sikumwambia, na ufunguo ya SQ niliiweka juu ya kitanda, mahali angeiona akishuka.