Buda, Nyumbani kwa Mbaluka

Mbaluka alichonga vinyago Pumwani kwa miaka ishirini, na kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko mpingo. Nyumbani kwake Mowlem, mtoto alimwita babake asa, Kikamba safi, basi. Mwaka wa tisini na nne, mwanawe Caleb akaja na neno la mtaani.

"Buda, niaje?"

Mbaluka akaapa hataitika mpaka aitwe asa. Miaka miwili hakuitika. Caleb alipotaka kitu alimwambia mamake, Ndindi, naye akakifikisha. Nyumba ya vyumba viwili ikawa na tarishi!

Kisha Caleb akaugua kifua. Akakonda, akawa wa kulala kwenye kochi la sebuleni, na hospitali ikamrudisha nyumbani bila kusema mengi. Bado aliita, sauti ikikwaruza, "Buda, maji." Mbaluka, aliyekaa hatua mbili kutoka kwenye mtungi, akamtazama Ndindi. Aibu iliyoje! Ndindi akaacha vyombo kwenye povu akaja kumnywesha mwanawe.

Lakini neno lile lilimkosesha Mbaluka usingizi, akaanza kuliulizia. Jirani yake Phelister, aliyekulia Huruma, alimwambia huko vijana humwita baba mbuyu, na hakuna baba aliyekufa kwa hilo. Kabiru, mchongaji mwenzake mzaliwa wa Majengo, alisema buda limetoka kwa Wahindi. Basi Jumamosi moja, alipokwenda mjini kununua msasa, akamuuliza Mhindi mwenye duka kama ni tusi.

"Kwetu hiyo ni mzee tu," yule Mhindi akasema. "Mtu ya miaka mingi. Wengine wanasema kwa dharau. Mjukuu yangu anasema kwa mapenzi. Mimi nasikiliza sauti, najua."

Mbaluka akauacha msasa juu ya kaunta. Njia nzima alijizoeza kuitika, midomo ikicheza: naam, naam. Leo angempa maji kwa mkono wake mwenyewe.

Alimkuta Ndindi amesimama mlangoni. Ndani, Caleb alikuwa amefunikwa shuka mpaka usoni.

"Amekuita tangu asubuhi," Ndindi alisema. "Hakusema buda. Alisema asa. Nikamwambia umeenda kununua msasa, utarudi."

Mbaluka akapiga magoti kando ya kochi.

"Naam," akasema. "Naam, Caleb. Naam."

Ndindi akamwacha aitike.