Komora wa Lebo Hakuwa Mpole

Mpaka sasa sijakubali. Tumemzika Komora jana kijijini kwao Hewani, na leo asubuhi nimefika ofisini Garsen nikamsubiri aje tugombane.

Kwa msiomjua: sisi wawili ndio tuliokuwa tukishughulikia chupa za asali za chama chetu cha wafuga nyuki. Yeye programu ya lebo na printa, mimi mauzo.

Nimesoma comments zenu tangu juzi. Eti alikuwa mpole, eti hakuwahi kukosana na mtu. Jamani, mnamzungumzia nani? Komora alikuwa mkaidi mwenye kisirani, na ukimgusia printa yake alinuna mpaka kesho yake.

Mwanzoni kabisa lebo zilitoka nyeusi tititi. Akafuta driver ya printa, akaiweka upya, akabadilisha settings zote, kisha akanilaumu mimi kwamba nimechezea kompyuta. Kumbe karatasi za lebo alizipanga juu ya kabati, karibu na bati la paa, na karatasi zile huandikwa kwa joto, hazina wino. Joto la Garsen lilishaziandika kabla yake.

Hakuomba radhi. Alipeleka karatasi mpya kwenye friji ya jirani yetu muuza maziwa, na yule mama akaja kunifokea mimi.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa majina. Komora alitaka kila chupa iwe na jina la aliyeivuna asali ile. Lebo yenyewe ndogo. Jina la mtu na la babake yakaingia, barcode akaibana mpaka mistari ikagandana. Skana ya duka la Malindi ikakataa kuisoma, na katoni zote zikarudi.

Mwenyekiti akasema majina yatoke. Nilimuunga mkono, na mpaka leo nasema siku ile nilikuwa na haki. Tulipigiana kelele hadi wateja wa kinyozi wa jirani wakaja mlangoni kusikiliza. Nikamwambia weye huna akili. Akanijibu taratibu, kwa makusudi ya kuniudhi:

"Dada wa Kipini, hii asali iko na mwenyewe. Chupa bila jina mimi sichapishi, tafuteni mtu ingine."

Kutwa alikaa na ile kompyuta, anachapisha, anabandika, anabandua, anatukana chinichini kwa Kipokomo. Halafu akaigeuza barcode ikasimama wima ubavuni mwa chupa. Jina likapata nafasi yake, na skana ikasoma vizuri kuliko mwanzo. Mnadhani alinieleza? Alinisukumia chupa, akaenda kunywa chai.

Mama mmoja wa Ndera alipoona jina lake alikataa kuiuza ile chupa. Ako nayo nyumbani juu ya kabati.

Sasa wewe, mwenyekiti. Najua unasoma hapa. Jana kaburini ulisema tutaienzi kazi yake. Jioni, watu hawajamaliza kunawa, ukanitumia template mpya ya lebo yenye jina la chama peke yake, eti majina ya watu yanafanya chupa zionekane za kienyeji. Ulishindwa naye alipokuwa hai, ukangoja afe.

Basi sikiliza. Mzigo wa Malindi nimeuchapishia lebo mwenyewe leo, kila chupa na jina lake, na zote zimesomeka. Zimeshabandikwa. Ukitaka zitoke, njoo uzibandue kwa kucha zako mbele ya kina mama wanaopakia. Ukitaka kunifukuza, nipo ofisini.

Na wewe Komora, nimekukasirikia. Mtu hapigwi na homa wiki nzima akasema ni uchovu tu. Nilikwambia uende hospitali, ukaninunia kama kawaida yako. Hilo bado sijakusamehe.

Mizinga yako mwenyewe ya nyuki haijavunwa. Nimeagizwa nilifute jina lako kwenye system ya lebo kwa sababu wewe ni marehemu. Nililifungua, nikalitazama, nikalia kwa sauti mpaka muuza maziwa akaingia. Sikulifuta. Dada yako akiileta asali hiyo, itatoka na jina lako, na mtu wa Malindi asiyekujua atalisoma mezani kwake akinywa chai.

Lala salama, mkaidi. Kugombana niachie mimi.