Maombi Yasiyo na Amina

Alasiri moja wiki hii, kwenye kituo cha kupimia majani chai nje kidogo ya Kericho, mama mmoja, jirani yetu, alikaa juu ya gunia lake, akaweka mikono magotini na kufumba macho. Tangu mvua ya mawe ipige chai yake, anaamka bila nguvu ya kushika hata kikapu. Muuguzi alimshauri atulie kimya kidogo kila siku. Nyumbani kuna watoto na ng'ombe, kwa hiyo alichagua kituoni.

Sisi tukadhani anaomba. Wazee walivua kofia, karani akaacha mizani, tukainamisha vichwa kungoja amina. Haikuja. Nilifungua jicho moja, nikakuta mzee wa kando yangu naye amefungua lake.

"Huyu anaombea nchi nzima?" akaninong'oneza. "Hata pasta haombi muda mrefu hivi."

Yule mama alipofumbua macho na kutuona, alishtuka. "Pole jamani. Siombi, nimenyamaza tu. Nitaacha."

"Uache kwa nini?" karani akasema. "Tangu asubuhi mnanigombeza juu ya kilo. Ndio mara ya kwanza leo nasikia ndege."

"Kesho unyamaze tena, mama," mzee akaongeza. "Lakini ukimaliza utuambie."

Jana niliwahi makusudi, nione kama atarudi. Alikuwepo, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai aliyoichuma mwenyewe. Kando yake wamekaa kina mama watatu, macho wamefumba. Mzee alikuwa ameshaanza kukoroma.