Fungu la Asiyekuwepo

Nilipokuwa mtoto, jambo la mwisho la kawaida kutokea katika manyatta yetu lilikuwa ugomvi juu ya mbuzi. Alikuwa ametia kichwa ndani ya chombo cha maziwa, kikamkwama, akawa anazunguka akigonga kila kitu. Hooyo, mama yangu, alimkimbiza kwa fimbo. Ayeeyo, mama yake baba, alikaa mkekani akimtetea mbuzi.

"Mwache. Amekosa nini? Ana njaa kama wewe."

"Basi ayeeyo, kesho yeye ndiye akukamulie."

Tulikuwa bado tunacheka askari walipofika.

Ilikuwa miaka ya vita ambavyo redio iliviita vya mashifta, yaani majambazi. Amri ilikuwa fupi: watu wote wa upande ule wa Ijara wahamie kijiji kilichozungushiwa uzio, tena waondoke kabla jua halijawa kali. Baba hakuwepo. Alikuwa malishoni mbali na ngamia, na hapakuwa na njia ya kumpasha habari. Akirudi, angejuaje kama tulihamishwa au tuliuawa? Hooyo alianza kufungua kamba za nyumba.

Ayeeyo alikuwa na hofu nyingine, au ndivyo nilivyodhani. Kwetu iliaminiwa kwamba binadamu wakihama mahali, majini huingia. Si kwamba ni wabaya, alisema, ila hawatujui. Wakikuta mahali patupu hupafanya pao, na anayekuja kuwatafuta wenyeji humpoteza njia. Kwa hiyo anayehama huacha kitu cha kuwajulisha ni watu gani walioishi hapo.

Kitu gani, basi? Hooyo, kwa haraka, akatupa chini mwiko uliopasuka.

"Mwiko? Ili wajue tulikuwa na midomo?" ayeeyo akasema. "Hata fisi ana mdomo."

Mimi nikaleta tasbihi iliyokatika uzi.

"Majini nao wanaswali, mwanangu. Hiyo haitawaambia lolote jipya."

"Labda wanataka shuka yangu ya harusi," hooyo akasema kwa hasira.

"Wakiiona watajua tulikuwa na mali. Basi."

Kisha ayeeyo akapenyeza mkono katika mzigo uliokwisha kufungwa, akatoa chombo cha nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaushwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Tulikuwa nacho hicho tu.

"Hicho hapana," hooyo akasema. "Tunakwenda tusikokujua. Watoto watakula nini?"

"Sichukui cha watoto. Fungu la mwanangu limo humu, halimo?"

Lilikuwamo. Chakula kilipogawanywa, asiyekuwepo alitengewa chake. Hilo hooyo hakuwahi kulikosa hata siku moja.

"Wakikuta chakula kimefunikwa na hakuna anayekila," ayeeyo akasema, "watajua hapa kuna mtu anayengojwa. Mnyama hamwekei asiyekuwepo. Watajua sisi ni nani."

Askari mmoja kijana akauliza kinachotukawiza. Alipoelezwa, akacheka. "Bibi, hata shetani unampikia? Mimi tangu jana sijapata chai!"

Kiswahili cha ayeeyo kilikuwa cha soko la mifugo Garissa. "Bole bole, kijana," akamjibu. "Hata kwenu, mama amekuwekea chakula."

Yule askari akatazama pembeni. Hakutuharakisha tena.

Hooyo ndiye aliyegawa. Fungu la baba alilitia katika chombo kidogo chenye kifuniko, nami nikatumwa kukiweka kati ya mawe ya meko. Samli ilibaki vidoleni mwangu, nikairamba njia nzima nikijiuliza kama majini wangetuheshimu.

Baba alitufikia baada ya mvua, amekonda, bila ngamia. Hakusema waliishia wapi, nasi hatukumuuliza. Alisema alipoona nyumba hazipo alikaa chini, akaamua hakuna haja ya kwenda popote. Kisha akakiona kile chombo. Watu wanaouawa hawapati nafasi ya kugawa chakula. Akala, akainuka, akaanza kuuliza njia.

"Kumbe majini hawakukigusa," hooyo akasema.

"Walikigusa," ayeeyo akajibu. "Wakaona si chao."

Chuo kikuu nilijifunza kuyaita mambo hayo imani za jadi, nikayaeleza kwa utulivu katika vyumba vyenye feni. Mke wangu, ambaye aliyajua kwa kusimuliwa tu, alinikatiza siku moja: "Ayeeyo wako hakuwa akisema na majini. Alikuwa akisema na mama yako, ambaye alikuwa amekwisha kukata tamaa." Nilikuwa nimeifikiria habari hiyo miaka mingi bila kuliona hilo. Tangu tumzike mke wangu, ninapogundua jambo, namkosa mtu wa kunionyesha nilichokipita.

Nimekuwa mtu anayeingia nyumbani saa yoyote. Hakuna anayeona nimechelewa.

Juzi jioni mjukuu wangu alikuja na swali la mwalimu wake. Ikiwa mbali na nyota hizi wapo viumbe ambao hawajawahi kuona binadamu, tuwapelekee nini ili watujue? Wenzake walikuwa wamechagua bendera, simu, na picha ya ngamia.

"Awoowe, wewe ungepeleka nini?"

Nilimwambia ale kwanza, ningemjibu asubuhi.

Asubuhi iliyofuata, kabla hajaenda shule, nilimwita akae karibu yangu. Nilimweleza jinsi bibi yake alivyoutambua mwendo wangu nikiwa bado nje ya lango, akawasha jiko kabla sijabisha hodi. Nilimweleza jinsi alivyonisikiliza akiwa amenipa mgongo, mkono ukikoroga, kisha akageuka pale tu niliposema jambo nisilolimaanisha. Mtoto aliandika kwa makini, akainua kichwa.

"Niandike na jina lake?"

Tangu mazishi nilikuwa nikisema marehemu.

"Andika Habiba," nikamwambia. Nikalirudia, ili alisikie vizuri.