Baiskeli ya Wafupi Wawili wa Nangara

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba ya Nangara, na Xaveria Damasi ameshika usukani. "Tayari?" anauliza. "Muda mrefu," anajibu mumewe, Rogath, aliyeketi nyuma yake. Pedeli nne zinazunguka pamoja, na lita thelathini za maziwa zinaelekea sokoni Babati.

Rogath, 46, haoni. Macho yake yalizimika miaka minne iliyopita, na kabla ya hapo ndiye aliyekuwa akisambaza maziwa kwa baiskeli. Mkewe akaanza kupeleka madumu kwa miguu, yeye akabaki nyumbani.

"Kukaa kulinichosha kuliko kazi," anasema. "Nilijiona mzigo, tena usiouzika."

Kisha mgeni mmoja aliyekuwa akihama mjini akawauzia, kwa bei ya kutupa, baiskeli ya watu wawili. Tatizo, ilitengenezwa kwa watu warefu kama nguzo za umeme, na hawa wenzetu, tuseme ukweli, Mungu hakuwapa urefu. Xaveria hafiki futi tano. Mumewe anamzidi vidole viwili, navyo huvitaja kila akipata nafasi.

Siku ya kwanza, walipotaka kusimama Bagara, mguu wa Xaveria uliitafuta ardhi usiipate. Wakaanguka, na maziwa yote yakamwagika.

Fundi Aniceti akashusha kiti cha mbele. Xaveria akagusa chini vizuri, lakini huko nyuma magoti ya Rogath yakawa yanagonga usukani aliokuwa ameushika. Fundi akashusha tena, ikawa mbaya zaidi. Wengine wakashauri iuzwe tu.

Ni Rogath aliyepapasa vyuma kimoja kimoja hadi akaelewa. "Usukani wangu umefungwa kwenye mlingoti wa kiti cha mke wangu," akamwambia fundi. "Ukimshusha yeye, unanishushia na mimi usukani. Ninyi wenye macho mmempima wa mbele peke yake."

Aniceti anakiri bila kinyongo. "Alinifundisha kazi yangu mwenyewe," anasema, akicheka. Ile ndefu aliichukua kama malipo, akaunga baiskeli mbili za kike zenye tairi ndogo, na usukani wa nyuma akaupa mlingoti wake. Ilimchukua wiki tatu.

Leo wanamaliza wateja ishirini na wawili kabla ya saa tatu, na hubaki na kama shilingi elfu kumi na mbili kwa siku. Njiani hubishana. "Nikiacha kukanyaga kidogo tu anajua," analalamika Xaveria. "Baba Kindness hadanganyiki."

Pasaka watakwenda Dareda kwa mama yake Rogath. Zamani mama huyo aliitambua kengele ya mwanawe tangu barabarani, akabandika chai. Miaka hii minne Rogath amekuwa akifika kwa basi, ameshikwa mkono, na mama hulia.

Kengele ileile sasa imefungwa kwenye usukani wa nyuma.

"Nitaipiga mwenyewe," anasema Rogath. "Safari hii abandike chai kwanza, alie baadaye."