Siku Niliyokuwa Kinyago

Aibu hii nimeificha mwaka mzima, na ninaisimulia leo kwa sababu walioishuhudia wameanza kuitia chumvi.

Mke wangu alikuwa amerudi kwao Kasokola baada ya ugomvi (kosa lilikuwa langu, msiniulize zaidi), na kesho yake wazee wangekutana kuamua kama nitarudishiwa mke. Ili nitulize moyo nikaingia jumba la sanaa la hapa Kashaulili, ambalo nilikuwa naliandikia makala ya kuwaelekeza wageni: kwamba lilianzishwa na mwalimu mstaafu aliyekusanya ngoma, vigoda na vinyago ambavyo watu walishaanza kuvifanya kuni, na kwamba uende asubuhi jua likiingia dirishani, wala usiguse kitu.

Mara nikasikia sauti ya mama mkwe mlangoni, yuko na kina mama wa kikundi chake. Wakwe zangu ni Wasukuma, na kwao mkwe wa kiume hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Akimwona njiani anaingia porini. Mlango ulikuwa mmoja. Ningekohoa tu wakanipisha, lakini mimi na digrii yangu nikaingia chini ya shuka lililofunika vinyago vya kona, nikachuchumaa.

"Hapa ndo yupo mtemi na wake zake," akasema dada anayeongoza wageni, na nyayo zikasogea. Moyo ulidunda hadi nikahisi mtemi anausikia. Jasho likaingia machoni, sikuthubutu kulifuta. Nikawaza wanangu wakiniuliza mama yao yuko wapi.

"Mbona huyu wa pembeni anatetemeka?" mama mmoja akauliza.

"Panya hao, nyie msiogope," dada akajibu, akavuta shuka.

Hakuna aliyepiga kelele, afadhali wangepiga. Mama mkwe aligeukia ukuta, akajifunika khanga usoni. Kisha akamwambia mwenzake, polepole:

"Mwambie huyo baba, kesho nilikuwa naenda kusema hatuheshimu. Sasa kama anajificha chini ya shuka ili asikutane nami, nitasema nini? Aje amchukue mkewe. Na atoke kwanza hapo kwa wake za watu."

Nilitoka nikitazama sakafu, miguu imekufa ganzi, nikajigonga mlangoni.

Mke alirudi. Nami nimeapa: tukigombana tena, naomba msamaha kabla hajafunga begi, kwa maana moyo huu hauwezi kuogopa namna ile mara mbili.