Masikio na Gari la Kimya

Kaka yangu mkubwa anaitwa Masikio, na asicheke mtu. Hakupewa jina hilo kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa, tusidanganyane, makubwa ni makubwa. Alipewa na watu wa gereji. Miaka hiyo, yeye akiwa uvunguni mwa gari moja, jingine likiingia getini utamsikia anapaza sauti: "Hilo beringi ya gurudumu lake la kushoto imekufa!" Mwenye gari anabisha, wanafungua, wanakuta imekufa kweli. Ikawa mtu hanunui gari mpaka Masikio alisikilize. Kwetu kununua gari bila fundi wako ni sawa na kuoa kwa kusimuliwa.

Mimi ni wa kati, fundi cherehani, na mdomo ninao. Baada yangu yuko mdogo wetu, tuliyembandika jina la Tai kwa sababu tangu aajiriwe kuuza magari mapya hakuonekana tena bila tai shingoni, hata akienda kununua mkate. Masikio ndiye aliyemfundisha magari. Alikuwa anamkalisha juu ya tairi kuukuu, anamfumba macho kwa kiganja, anamwambia, "Sikiliza, niambie hii inaumwa wapi." Walikuwa chanda na pete wale. Mimi nilikuwa nawaonea wivu, nasema wazi.

Balaa lilianza kampuni ya Tai ilipoleta haibridi, yale magari yenye injini ya petroli na betri kubwa ya umeme, vinasaidiana njiani. Tai aliyapenda, jamani! Alikuwa anakuja kusimama mbele ya cherehani yangu kunieleza petroli itakavyodumu, mpaka siku moja nikamwambia, "Baba, mimi nina baiskeli tu. Kamweleze mwenye pesa zake."

Wenye pesa walikuja. Wakakaa, wakapapasa usukani, wakauliza yale yale. Betri ikifa, nani ataifungua? Inauzwaje? Na mimi nikilichoka hili gari, nani atalinunua kwangu? Kisha wanaaga kwa adabu na kwenda kununua la petroli tupu. Tai alimwomba meneja awaite mafundi wa mitaani wafundishwe, maana mteja humwamini fundi wake kuliko tangazo lolote. Meneja akacheka. "Sisi tunauza magari, hatufungui shule." Halafu akamwambia kwamba mwezi ukiisha bila haibridi hata moja kutoka, magari yatarudishwa yalikotoka, na yeye atafute kazi kwingine.

Akapatikana mteja mmoja, mama mwenye duka la dawa. Alilipenda lile jeupe mpaka akaulizia bima. Likabaki jambo moja tu, kuja na fundi wake. Tai akamuuliza fundi wake ni nani. "Masikio," akasema yule mama.

Tai alikuja kwangu anacheka peke yake. "Dada, mambo yameiva! Nimeshauza." Akanipa tai yake nyekundu niipige pasi. Nikaipiga, na nikafunga duka nikaenda naye kwenye duka lao la magari, maana raha kama ile hungoji kusimuliwa na watu.

Masikio alikuja na ovaroli aliyoifua, mama wa dawa nyuma yake. Tai akabonyeza kitufe, akarudi nyuma hatua moja, uso unang'aa. "Limewaka, kaka."

Gari la namna ile likiwa limesimama hutumia umeme, injini inanyamaza. Masikio akainama, akaweka sikio juu ya boneti. Akaweka kiganja. Akakihamisha, akakiweka pengine. Nikaona jasho linamtoka, na mle ndani kiyoyozi kilikuwa kinatutetemesha.

"Washa," akasema.

"Limewaka, kaka. Ndivyo lilivyo, halilii."

"Nimesema washa!"

Mama wa dawa akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Fundi, unasemaje?"

Masikio akajifuta mikono isiyokuwa na uchafu wowote. Hakumtazama mdogo wake. "Usinunue, mama. Hili gari silielewi."

Basi. Mama akachukua mkoba wake, akaondoka. Tai aliifungua ile tai nyekundu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mwezi ukaisha, magari yakarudishwa, na Tai akafungasha. Alikuja kuniaga akiwa na begi moja. "Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Angekuwa fundi mwingine ningesema hajui. Huyu kaona nataka kumpita." Akaenda mji mwingine kuuza magodoro. Simu za Masikio akawa hapokei kabisa.

Nikasema hapana, huyu leo atanitambua. Nikaenda gereji, nikaanza kumfokea tangu getini. "We Masikio! Una roho ya namna gani wewe?" Hakugeuka. Nikasogea, nikaita tena. Nyuma yake lori lilikuwa linarudi kinyumenyume, honi inalia, watu wanapiga mayowe, na yeye ameinamia injini wala habari hana. Fundi wa kuchomelea vyuma ndiye aliyemvuta kwa ovaroli. Hasira zangu zote zikaniishia pale pale.

Tulikaa juu ya matairi. Alikuwa ananitazama mdomo ninapoongea. Akaniambia ni miaka sasa. Nyundo na jenereta zilimla sikio la kushoto, kisha la kulia.

"Nafanyia kazi kiganja, dada. Kila ugonjwa una mtetemo wake. Sikio naliweka kwa ajili ya jina tu. Siku ile nikaweka mkono, hakuna kitu. Na nyie wote mnasema limewaka. Nikajua na mkono nao umekufa. Ningesemaje mbele ya mteja? Kwamba Masikio hasikii?"

"Ungemwambia mdogo wako!"

"Mimi ndiye niliyemfundisha kusikiliza," akasema, na akalia. Hata tulipomzika baba yetu, huyu macho yake yalikuwa makavu.

Nikampigia Tai kwa simu yangu. Akapokea. "Usikate, mdogo wangu, nakusihi. Kaka ana neno." Nikampa Masikio simu, naye akaongea kwa kelele kama waongeavyo wasiosikia.

"Gari halikuwa na ubaya! Ni mimi, mdogo wangu. Sisikii. Masikio yamekufa. Nisamehe!"

Akaikandamiza simu sikioni. Akaihamishia sikio la pili. Akangoja, kisha akanirudishia. "Anasemaje?"

Tai hakuwa amekata. Nilisikia anapumua. "Tai," nikamwita. "Sema chochote, baba. Nitamfikishia." Akapumua tena, halafu simu ikakatika.

Masikio alikuwa ameukazia macho mdomo wangu. "Anasemaje?"

"Anasema amesikia. Atapiga."

"Kasema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akaniomba nimwachie simu yangu kidogo. Gari la watu lilikuwa limefunguliwa pale, mwenyewe anasubiri, wala hakulijali. Aliketi juu ya tairi na ile simu kiganjani, akingoja itetemeke.